Rekodi Yenye Toleo Moja

Jumatatu, 10 Juni

Nimekasirika hadi kalamu inatoboa karatasi. Hospitali nzima leo inanong'ona habari za Mama Maabara. Miaka ishirini na sita anapima damu za watu — leo wanasema kampa mgonjwa kundi la damu lisilo lake. Mgonjwa wa upasuaji, mama wa watoto watatu. Mfumo wa kompyuta ulisema kundi A, kwa kipimo alichokiingiza Machi. Nesi wa chumba cha upasuaji ana tabia ya kupima upya kabla hajatundika mfuko wa damu, akakuta ni O. Kama si yule nesi, leo tungekuwa msibani. Mgonjwa mzima, anakunywa uji wodini.

Mama Maabara hawezi kukumbuka kipimo kimoja cha mwezi Machi, na nani angekumbuka? Watu sitini kwa siku. Alichosema mbele ya watu ni kimoja tu: kundi la damu yeye huliangalia mara mbili, na wasiomwamini wamuulize binti wa kompyuta, maana mfumo wake unaweka kila kitu.

Binti wa kompyuta ni mimi. Na kweli unaweka! Nimeujenga kwa mikono yangu. Rekodi ikibadilishwa, ile ya zamani haipotei. Nakala yake inakwenda kwenye jedwali la matoleo, pamoja na tarehe, saa na jina la aliyeigusa. Kesho nawaletea ushahidi. Watameza maneno yao.

Jumanne, 11 Juni

Nimeangalia. Jedwali la matoleo halina kitu. Rekodi ni toleo la kwanza na la mwisho: kundi A, imeingizwa na Mama Maabara, tarehe 4 Machi, saa tatu na dakika kumi na mbili asubuhi. Hakuna aliyeigusa tena.

Nimerudia mara nne, kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye mfuko uleule.

Bwana Tai amefurahi sana. Huyu ndiye mkuu wetu wa kitengo — tai haimtoki shingoni hata umeme ukikatika na feni zikizima. Anataka nisaini maelezo: mfumo uko sawa, kosa ni la mwingizaji. Kikao cha uchunguzi ni Jumatatu. Nimemwambia leo sisaini. Akauliza kwa nini. Nikasema sijui, ila sisaini.

Najua kwa nini. Mwaka jana Mama Maabara alikuwa na daftari lake la jalada jeusi, kila kipimo kakiandika kwa mkono. Mimi ndiye niliyemwambia, mama, achana na daftari, mfumo unakumbuka kuliko karatasi. Akacheka. Akasema haya mwanangu, nakuamini. Daftari likafungiwa kabatini na halikuandikwa tena. Kama ningefunga mdomo wangu, leo angefungua ukurasa wa tarehe 4 Machi na mambo yangeisha.

Dada kaniuliza mbona nakichokonoa chakula tu. (Nakaa kwake. Yeye ni fundi cherehani, kwa hiyo hata kijiko kina uzi.) Nimemsimulia. Akasema labda mama wa watu kakosea kweli, binadamu ni binadamu. Nikamjibu ovyo. Nimemwomba radhi na amenisamehe, kwa sharti la kuosha vyombo wiki nzima.

Jumatano, 12 Juni

Ni mimi.

Ngoja niandike taratibu. Mwezi Aprili Bwana Tai alitaka rekodi pacha ziunganishwe, yaani wagonjwa walioandikishwa mara mbili. Wakaguzi walikuwa wanakuja, na mimi nilipewa siku moja. Nikaandika skripti, yaani amri za kompyuta zinazojiendesha: majina matatu yakilingana, na mwaka wa kuzaliwa ukilingana, basi ni mtu mmoja, vipimo vya namba hii vihamie namba ile. Sasa leo nimetazama simu na anwani za mgonjwa wetu. Kuna wanawake wawili. Majina matatu yaleyale, mwaka uleule, mitaa tofauti. Kundi A ni la mwenzake. Mama Maabara alimwandikia mtu sahihi kipimo sahihi. Mimi nikakihamisha.

Na kwa nini jedwali la matoleo halikuona? Hapa ndipo natamani kujizaba kofi. Kati ya amri ninazoandika na hifadhidata, ghala la rekodi zenyewe, kuna programu ninayoiita Mkalimani. Nikimwambia lete rekodi hii, ibadilishe, ihifadhi — anaweka nakala ya zamani kwanza, kama nilivyomfundisha. Lakini nikimwambia badilisha zote kwa mpigo, hafungui hata moja. Anapitisha amri moja kwa moja hadi kwenye hifadhidata, na nakala haiwekwi. Wala si siri, imeandikwa kwenye maelezo yake na niliisoma. Nilichagua kwa mpigo kwa sababu ni dakika tatu, na moja moja ingekula siku nzima.

Niligundua saa tisa alasiri. Sijamwambia mtu. Ninaogopa. Nimeandika hapa ili nisijidanganye kesho kwamba sikujua.

Alhamisi, 13 Juni

Nimemwambia Bwana Tai. Alifunga mlango, akaketi, akalegeza tai. Siku hiyo nayo imefika!

Hakukataa kwamba ni kweli. Alisema ukweli wenyewe hauna faida. Tukilisema hili, nani atauamini mfumo tena? Halafu yule mama amebakiza mwaka mmoja astaafu, atapumzika mapema kidogo tu. Nami bado kijana, nina safari ndefu. Alisema kwa upole, kama mjomba anayekupangia maisha.

Nikamwambia kazi ya mfumo ni kukumbuka, na yeye ananiomba niusaidie kusahau. Akasema nisilete mashairi kazini.

Nikamuuliza bakapu ya Machi, ile nakala ya akiba ya mfumo mzima, iko wapi, maana humo kipimo bado kiko kwa mwenyewe. Akasema ilishafutwa. Haijafutwa. Diski iko kwenye kabati la sava, ina karatasi yenye mwandiko wangu. Kutunza bakapu ni kazi yangu, na ufunguo ninao mimi. Sikumwambia hayo. Nilisema asante, nikatoka.

Jumamosi, 15 Juni

Nimeshinda kazini tangu asubuhi. Nimeifungua bakapu kwenye mashine ya majaribio. Ipo! Kipimo kilekile, saa ileile, kundi A — lakini namba ya mgonjwa ni nyingine. Nimechapa kurasa mbili: kabla na baada.

Nikaona nisiishie hapo. Nimewapitia wote waliounganishwa, zaidi ya elfu mbili. Thelathini na saba wana simu tofauti na mitaa tofauti. Huenda ni watu wawiliwawili waliobanwa kwenye faili moja. Mmoja wao, mbali na mgonjwa wetu, amelazwa wodini sasa hivi.

Sikungoja Jumatatu kwa hilo. Nimemfuata yule nesi wa upasuaji, nikampa orodha, nikamwomba wasiongezewe damu kabla ya kupimwa upya. Akaisoma yote. Akasema yeye hupima kila mtu, hata mimi nikilazwa pale atanipima, mifumo yangu nibaki nayo. Nilistahili.

Jioni Dada akauliza kama nitafukuzwa. Nikasema huenda. Akasema basi vifungo vya sare mia mbili vinanisubiri, na yeye kama bosi hana huruma. Tumecheka mpaka nikaanza kulia. Akanishika bega.

Jumapili, 16 Juni

Bwana Tai kapiga simu mara tatu. Baadaye ujumbe: "Maelezo nimeshakuandikia, weka saini tu. Lile la Alhamisi libaki kati yetu."

Nimemjibu kwamba ya kwangu nimeyaandika mwenyewe. Simu nimeizima. Acha aniite mkaidi. Mkaidi ni mimi.

Jumatatu, 17 Juni

Naandikia gotini, kwenye benchi nje ya chumba cha kikao.

Nimesema yote. Kurasa mbili mezani, orodha ya thelathini na saba mezani. Daktari Mkuu hajui kompyuta lakini si mjinga. Aliuliza swali moja: aliyeendesha amri hiyo ni nani. Nikasema ni mimi. Aliyeiagiza? Nikamtazama Bwana Tai. Akasema yeye mambo haya anayasikia leo kwa mara ya kwanza. Basi nikafungua simu, nikawasomea ujumbe wa jana, neno kwa neno. Sikuongeza, sikupunguza. Wakatutoa nje, mimi na Mama Maabara. Yeye Bwana Tai wamebaki naye.

Mama Maabara ameketi kando yangu. Kavaa kama mtu anayekwenda kanisani. Zile kurasa mbili kazisoma, kazikunja, kazirudisha mikononi mwangu. Nikiri tu: nilitegemea anishukuru. Nilijiona shujaa kabisa.

Akaniuliza, "Ulijua lini, mwanangu?"

Ningeweza kusema Jumamosi. Ushahidi niliupata Jumamosi, wala isingekuwa uongo mtupu. Nikasema, "Jumatano, mama. Saa tisa."

Watu wawili wakapita na kitanda cha magurudumu, tukakunja miguu.

"Jumatano saa kumi walinisimamisha kazi, nikarudisha koti na funguo," akasema. "Nilipita mlangoni kwako kukuaga. Uliniona. Ukainama."

Kweli nilimwona. Hata humu sikuliandika.

Karani katoa kichwa mlangoni, anasema turudi ndani, wote wawili. Mimi nimeshasimama. Yeye bado ameketi, ananitazama.