Manyoya Chini ya Dirisha

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Héritière Nabintu. Umri: miaka 23. Kazi: mwanafunzi wa chuo kikuu. Makazi: Champlin, Minnesota.

Mimi ni binti wa Perpétue Nabintu, anayetuhumiwa kutumia manyoya ya ndege wa porini katika picha za mapambo. Ni kweli aliyabandika yeye. Kwetu Bukavu alikuwa akitengeneza picha kwa maganda makavu ya mgomba. Huku hakuna mgomba, hivyo hutumia gome jeupe la mti wa mbetula. Ndege wa kwenye picha zake walikuwa wa gome tupu hadi mzee wa kanisa letu, Elisée Byamungu, alipomwambia, "Mama Héritière, weka manyoya ya kweli. Wazungu wanapenda kitu cha kweli."

Mama ni msafishaji katika nyumba ya wazee. Ndege hujigonga kwenye dirisha kubwa la pale na kufa: wengine wekundu waitwao kardinali, wengine wa buluu wenye vishungi. Aliokota manyoya yao. Kwetu, kilichoanguka chini ni cha aliyekiokota.

Mnamo tarehe 14 Mei 2016 kanisa lilifanya maonyesho ya picha hizo mjini Apple Valley. Mzee Elisée alivaa koti jeupe akawasimulia wageni jinsi ndege wanavyomjia katika maombi. Kila picha ilikuwa na sahihi yake. Mama alikuwa akigawa chai.

Mgeni mmoja, Bi. Susan, anayejitolea katika hifadhi ya ndege, alimwambia Mzee kwa Kiingereza kwamba sheria inakataza manyoya hayo, hata ya kuokota. Mama aliuliza amesema nini. Mzee akajibu, "Anasema ni mazuri mno. Uongeze."

Nilikuwa karibu nao, nikasikia lugha zote mbili. Usiku huo nilimweleza mama. Akasema, "Weye! Kiingereza cha chuo ndicho kinakutuma kumwita mzee wa kanisa mwongo?" Akaongeza manyoya.

Mnamo tarehe 8 Oktoba 2016, kwenye maonyesho mengine palepale, Bi. Susan alirudi na afisa wa wanyamapori. Afisa aliuliza kazi hizi ni za nani. Mzee Elisée, akiwa amesimama mbele ya sahihi zake mwenyewe, alinyoosha kidole, akajibu kwa Kiingereza. "Za yule mama. Mimi namsaidia tu."

Mama haelewi Kiingereza. Alipoona anaonyeshwa kidole, alidhani hatimaye anatajwa kwa kazi yake. Aliinuka, akanyoosha kitenge chake, akatabasamu.

Mwezi ujao mama ana mahojiano ya uraia. Shtaka hili linaweza kuyaharibu.

Leo asubuhi Mzee alinipigia simu: "Binti yangu, sema mimi sikujua kitu. Mama yako hakusoma, watamhurumia." Nilikata simu. Mtu wa aina hiyo hana hata ujasiri wa kuiba vizuri.

Nikitoka nyumbani mama aliniambia, "Ukifika huko, umheshimu mzee." Nimemheshimu. Nimelitaja jina lake lote, na nimehakikisha limeandikwa sawasawa.

Hayo ndiyo niliyoyaona na kuyasikia, na sitabadilisha neno.

(Sahihi) H. Nabintu
11 Oktoba 2016

Maelezo ya afisa: Nimemsomea shahidi maelezo haya kwa Kiswahili, akayathibitisha. Elisée Byamungu amefika kituoni shahidi akiwa bado anasaini. Amesema Kiingereza hakijui kabisa, na ameomba mkalimani.
Afisa Jedidah Kathure