Samaki Ndani ya Frigo ya Mbegu

Yaya Ramazani, kaka yangu,

Nakusalimia kwa sababu tumetoka tumbo moja, na kwa sababu Mama atakuuliza kama nimekusalimia. Mwambie ndiyo. Miguu yake inaendeleaje, bado inavimba asubuhi? Na maji ya ziwa yamerudi nyuma, au bado yanagonga ukuta wa jirani? Mimi ni muzima. Huku ni baridi, naenda biro, kazini, kukiwa giza na kurudi kukiwa giza, na siku hizi siongei na mtu isipokuwa kwa kazi. Habari zangu ni hizo. Sasa tuje kwenye zako.

Ile sauti uliyoniachia kwenye simu nimeisikiliza mpaka nimeikariri. "Wewe unapenda majani kupita damu yako," unasema. "Mbegu itaota tena. Ni samaki njo inaoza." Nakujibu kwa karatasi kwa sababu kwenye simu utanikata maneno kama kawaida yako, halafu utampa Mama simu ili alie.

Watu wetu wa Kalemie umewaambia kwamba kazi yangu ni kuzunguka na valizi mkononi. Kazi yangu ni kuwakalisha watu wa nchi mbalimbali kwenye meza moja, wakubaliane mbegu zipi zikusanywe kabla hazijapotea, zitunzwe wapi, na nani ana haki ya kuzifungua. Wenzangu wa huku walitaka kila kitu kije kwao. Walitaja umeme wetu, vita vyetu, barabara zetu. Mimi ndiye niliyebisha. Nilibisha mpaka mkurugenzi wetu, mama mmoja mrefu anayeongea polepole, akaacha kunisalimia kwenye ngazi. Nikasema mbegu za Pepa, kule milimani, zigawanywe, nusu zije huku, nusu zibaki Kalemie, karibu na wanawake waliozitoa. Wakaniuliza nani atazilinda. Nikasema, kaka yangu.

Nilikutaja kwa jina mbele yao, yaya, tena kwa majivuno.

Frigo ya kutunza mbegu kwenye baridi ikaja, na sahani zake za jua juu ya bati, ikawekwa chumba cha nyuma ambacho maji hayafiki. Ukaapa mbele ya Mama kwamba haitafunguliwa na mtu mwingine. Halafu Mama Feza, yule kiongozi wa wanawake wa Pepa, akashuka na lori kuchukua mbegu za kupanda kabla ya mvua. Akanipigia simu akiwa chumbani kwetu.

"Mama Zaina, frigo nimefungua. Ndani ni samaki, mikebuka mitupu."

Nilimwambia labda amefungua nyingine.

"Iko moja tu," akasema. "Ndugu yako anasema mbegu iko kwenye depo yake ya mali, kule ufukoni. Tunaenda sasa."

Hakukata simu. Nilisikia viatu vyao kwenye matope, nikakusikia na wewe ukieleza, ukieleza tena, mpaka mlango wa depo ukafunguliwa. Maji yalikuwa yameingia depo. Nikasikia mapakiti yakichanwa.

"Imeota ndani ya mapakiti," akasema Mama Feza. "Imeota, halafu imekufa."

Mbegu nyingine zina nusu yake huku, hizo zitarudi. Ule ulezi mwekundu wa Mama Feza haukuwa na nusu. Ulikuwa kidogo mno kugawanywa, tukakubaliana ukae Kalemie mpaka aulime na kuuzidisha. Historia yake unaijua. Kijiji chao kilipochomwa alikimbia na mutoto mgongoni na ulezi huo amefunga kwenye pindo la kitenge, na njiani walilala njaa lakini hawakuula. Alitusimulia akiwa ameketi sebuleni kwetu, na wewe mwenyewe ulimletea chai. Vita haikuumaliza. Umekuja kumalizikia kwetu, kwa kuwapisha samaki.

Punje zilizobaki tulizipeleka kwa mshirika wetu wa Lubumbashi. Akazilaza kwenye karatasi yenye unyevu, akangoja. Hakuna iliyochipua.

Ndipo ukanitumia neno: "Waambie ni panya."

Siku ya kikao mkurugenzi akaniuliza mbele ya washirika wote, wengine mezani, wengine kwenye skrini. Nikasema, "Si panya, si umeme. Ni kaka yangu. Alitoa mbegu akaweka samaki." Hakuna aliyecheka. Mkurugenzi akasema, "Sasa unaelewa kwa nini tulikataa." Hata hakusema kwa furaha. Nilimchukia pale pale. Wewe nilikuchukia zaidi, maana yeye hakuwahi kunidanganya.

Wakataka yote yahamie huku, na kwetu kusiachwe kitu. Nikawaambia wakifanya hivyo watafute mtu mwingine wa kwenda kuongea na wanawake wale, mimi naondoka. Tulibishana mpaka jioni. Mwishowe wakakubali nusu ya huku irudi kupandwa, na frigo ihamie Pepa, mikononi mwa wanawake wenyewe. Jina la Kalemie limefutwa. Kila nitakapotaja mji wetu kwenye meza ile, watakumbuka samaki.

Najua ziwa lilikula duka lako, ukaingia biashara ya samaki. Najua watoto walifukuzwa shuleni kwa kukosa ada, ile minerval. Ungenipigia simu. Uliona haya kuniomba mimi mdogo wako, lakini hukuona haya kumtupia mama wa watu ulezi wake kwenye maji.

Wiki ijayo, barabara ikikauka, lori litashuka kutoka Pepa. Osha frigo mwenyewe, kwa sabuni na ndimu, mpaka harufu iishe. Usikodi mtu wa kuibeba. Shika upande mmoja na wanawake washike mwingine, halafu panda nayo mpaka kule juu. Ukifika, mwambie Mama Feza mbele ya wenzake ulichofanya. Usitaje panya. Akikufukuza, utarudi kwa miguu. Akikupa bukari, ugali wao, kula, na usiulize ni ya unga gani.

Usiniombe radhi mimi. Mimi sikulima ulezi ule.

Nisalimie Mama, mkande miguu kwa maji ya chumvi. Nisalimie mke wako Shukuru, najua alikukataza na hukumsikia. Nisalimie baba mdogo Issa, mwalimu wa madrasa, na binti yako mkubwa Mariamu, asome.

Mdogo wako, kwa ajili ya Mama tu,
Zaina