Kwa Kaka Rupert, Kuhusu Gari la Dizeli

Kisima cha Kalaya,
Kupitia Alice Springs.
20 Agosti 1989

Mpendwa kaka yangu Rupert,

Nakusalimu kutoka nyumbani. Hali yako ikoje huko Adelaide? Ile mashine ya figo bado inakuchosha, au mwili umeanza kuizoea? Natumaini sasa wanakupa nyama, si ile supu ya maji matupu uliyoilalamikia. Mimi naendelea, ila goti linanisumbua baridi ikizidi, na baridi ya mwaka huu haina adabu. Asubuhi maji ya mbwa tunayakuta yameganda.

Kaka, najua ulipigiwa simu kutoka ofisini kuhusu mtoto wa Daphne, mjukuu wako. Ulisikia kwamba amefariki, kisha laini ikakatika kama kawaida yake. Hukuweza kuja kwa sababu ya mashine, na hakuna aliyekulaumu. Lakini si haki ubaki huko na nusu ya habari, ukijaza nusu nyingine kwa mawazo yako mwenyewe. Jina lake siliandiki, kama desturi yetu kwa marehemu, nawe usilitamke huko. Hata yule kijana wa dukani aliyekuwa na jina kama lake sasa tunamwita Kunmanara, lile jina la kuazima la kila mwenye jina la marehemu, naye anaitika.

Nianze na gari, maana mambo yalianzia hapo.

Lile gari letu la kazi la zamani lilitufia kwenye matuta ya mchanga ya kaskazini, giaboksi ikiwa imesagika kabisa. Wazee wakakosa kuni, na pampu za visima zikakosa mtu wa kuzikagua. Ndipo baraza likaitisha mkutano mbele ya duka tuamue tununue gari gani, la petroli au la dizeli. Watu walikuja na blanketi zao, wakakaa mchangani, na chai ikapikwa sufuria baada ya sufuria, kwa sababu maneno yalikuwa mengi.

Wa kwanza kusimama alikuwa Lindsay, mtoto wa marehemu dada yetu. Tangu ulipoondoka yeye ndiye fundi wetu, na kazi anaiweza. Alitaka petroli.

"Dizeli ina pua nzito," alisema. "Ukiipandisha matuta inapiga magoti kama ngamia mgonjwa. Na pampu yake ikiharibika mimi siigusi, mpaka ipelekwe Alice Springs. Petroli ni bisibisi na plagi tu, nawarudisha nyumbani."

Bibi Elsie hakusimama hata kidogo. Unamjua. Alisema akiwa amekaa, akichezea moto kwa kijiti. "Na hiyo petroli yako ikilala nje, nani ataichunga? Utaiatamia wewe kama emu dume juu ya mayai?"

Watu walicheka sana. Lindsay naye alicheka. "Nitaifunga kufuli, bibi. Na wavu wa chuma juu yake."

"Kufuli! Watoto hawa wanafungua makopo ya nyama kwa meno."

Hakuna aliyecheka tena, kwa sababu sote tunajua Bibi Elsie amezika wajukuu wake waliokufa kwa kunusa petroli. Nami nilisema langu. Nilisema dizeli inanuka, inachafua, lakini hailevyi, na mtoto akiinusa anatoka kapa. Nilisema pia kwamba tangi moja la dizeli linatufikisha mbali kuliko la petroli, na gari linavuta mzigo wa kuni bila kuhema. Wanawake wengi walikuwa upande wangu. Wanaume waligawanyika.

Ndipo mtu akasema, "Tumpigie Rupert, ndiye anayejua magari." Tukajazana ofisini, na Lindsay akauinua mkono wa simu juu ili sote tusikie. Ulisema, "Chukueni petroli. Dizeli ikiwafia jangwani wakati wa joto mtazika watu. Petroli hata mtoto anaitengeneza." Basi hapo mkutano ukaisha.

Kaka, sikukumbushi haya ili nikuchome. Ulikuwa unafikiria kiu, na watu wa kwetu wamekufa kwa kiu kando ya magari yaliyoharibika, wewe mwenyewe umewahi kuwaleta nyumbani. Lakini sitakudanganya kwamba neno lako halikuwa na uzito. Lilikuwa nao. Ukijua ukweli kutoka kwangu, angalau hutausikia kutoka kwa mtu asiyekupenda.

Na lile gari la petroli lilikuwa zuri, lazima niseme. Funguo ukigusa tu linaitika. Lindsay alichomelea wavu juu ya kifuniko cha tangi, akaweka kufuli nene, na kila jioni alikuwa akilikagua. Alitupeleka kuchimba viazi pori, akaleta kangaruu kwa wazee, na pampu zote zikarudi kufanya kazi. Bibi Elsie alikuwa anakaa mbele kama malkia, ingawa hakuacha kulinunia.

Kisha ikaja Jumapili ya mpira. Timu ya jirani ilikuwa imekuja, na kila mtu alikuwa uwanjani. Gari liliachwa nyuma ya mti, karibu na matangi ya maji. Mtoto wa Daphne hakuwa na mazoea hayo, kaka, nakuapia. Daphne alikuwa anamnusa nguo kila siku. Lakini kuna watoto wakubwa waliokuwa wakimwita mwoga. Kufuli hakuligusa. Alipita chini, kwenye mpira unaopitisha petroli.

Lindsay alikwenda kuwachukulia wachezaji maji, akaona miguu imetokeza chini ya gari. Akapiga kelele, "Wee! Toka hapo!" kwa ile sauti yake unayoijua. Mtoto alichomoka na kopo mkononi akakimbia kuelekea ua wa ng'ombe. Alikimbia vizuri sana. Kisha akaanguka.

Lindsay alidhani amejikwaa. Alimwendea polepole akiwa na ndoo, akimwambia, "Inuka bwana, mjomba wako sikupigi." Aliendelea kumwambia hivyo hata alipokuwa amemwinamia. Sisi uwanjani tulisikia tu ndoo ikianguka.

Sista wa zahanati alifika mbio, akamshughulikia palepale chini kwa muda mrefu mpaka magoti yake yakatoka damu kwa changarawe. Haikusaidia. Baadaye alitueleza kwamba mvuke ule unaufanya moyo uwe mwepesi kushtuka, na mshtuko na mbio vinaweza kuusimamisha hata kwa mtoto mzima wa afya. Alitueleza ili tuelewe, mama wa watu. Lakini Lindsay alikuwa amesimama pale, na neno alilolichukua ni moja tu: mshtuko.

Daphne amekata nywele. Nyumba tumeihama, na tumepiga kambi ya msiba upande wa mashariki, penye miakasia. Nalala naye. Anakula nikimlisha. Aliniuliza mara moja tu, "Shangazi, baba anajua?" Nikamwambia unajua.

Lile gari la petroli baraza liliwauzia watu wa shamba la ng'ombe, na safari hii hapakuwa na mkutano. Tukanunua la dizeli kutoka kwa wajenzi wa barabara. Limechoka, mlango mmoja hautaki kufungwa, na likiwaka linatoa moshi kama moto wa nyasi. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuchukua jeneza uwanja wa ndege, mwili uliporudishwa kutoka kwa madaktari wa Alice Springs walioutaka wauchunguze.

Na asubuhi hiyo halikuwaka. Ndege ilikuwa imeshatua, rubani anasubiri, na watu wamejifunga blanketi mbele ya duka. Daphne ameketi mbele garini na nguo yake nyeusi. Lindsay anageuza funguo, anangoja ile taa ya kupasha injini moto izimike, anapiga stata. Hakuna kitu. Anangoja, anapiga tena. Betri ikaanza kulegea.

Bibi Elsie akaujia mlango akaupiga kofi. "Wee mzee, amka! Hata marehemu mume wangu hakuwa mzito hivi, na yeye alikuwa mvivu wa ukoo mzima!"

Mtu akaguna. Kisha Daphne akacheka, kaka. Alicheka, na kicheko kikageuka kilio, cha kwanza tangu siku ile, kwa sababu mpaka hapo alikuwa amekauka tu. Tukalisukuma gari sote, wanaume kwa wanawake, kwenye mteremko wa duka, na yeye ndani akilia kwa sauti. Likakohoa, likawaka, likatumwagia moshi mweusi kwenye nguo zetu za kanisani. Tulifika kaburini na nyuso za makaa. Wakati wa kurudi lilizama mchangani kama Lindsay alivyosema tangu mwanzo, tukalichimbua kwa mikono. Hakuna aliyelalamika. Tulimweka mjukuu wako karibu na mama yetu, na tuliimba zile nyimbo unazozipenda.

Jioni ya siku ya pili ya mazishi gari lilikuwa limeegeshwa karibu na kambi yetu. Mimi na Daphne tulikuwa motoni. Tukaona watoto wawili wanakuja wameinama, mmoja ana kopo ndani ya shati. Nilitaka kuita, Daphne akanishika mkono. Siku hizi hapa hakuna anayewapigia watoto kelele. Mmoja akafungua kifuniko cha tangi, akaweka pua. Akakunja uso. Akamwambia mwenzake, "Dizeli," akafunga vizuri kabisa, wakaondoka.

Nilishusha pumzi. Lakini Daphne alikuwa bado anawatazama. Hawakwenda nyumbani. Walielekea penye magari ya wageni wa msiba, na mengi yalikuwa ya petroli.

Daphne akainuka. Hakukimbia, hakuita. Alitembea kama mtu anayekwenda kuteka maji, akawapita wale watoto, akaketi chini na kuegemeza mgongo wake kwenye gari la kwanza, upande wa tangi. Nilimfuata na blanketi. Wanawake wengine walituona, na mmoja mmoja wakaja, kila mmoja akaketi na kuegemea tangi la gari moja. Bibi Elsie aliletewa kiti. Tulikaa hivyo mpaka wageni walipoondoka.

Sasa nina ombi, kaka. Lindsay hazungumzi. Anafanya kazi, anakula kidogo, anaitika kwa kichwa. Nikimwambia si kosa lake ananitazama kama vile nimesema kwa lugha ya kigeni. Mpigie simu. Siku ya Jumatano mchana huwa yuko ofisini. Usimtaje mtoto, wala usimwombe msamaha wala kumpa. Mwulize tu gari linaamkaje asubuhi. Mwambie unataka kujua dizeli, kwamba hukuwahi kuijua vizuri, naye akueleze. Hilo ni kweli, tena kwenu wote wawili. Nadhani atakujibu.

Daphne anakusalimu. Bibi Elsie anakusalimu, anasema ukirudi utasukuma gari kama wengine, figo au hakuna figo. Msalimie yule mama wa kitanda cha jirani aliyekuandikia barua iliyopita. Mungu akulinde kwenye ile mashine, akupe usingizi, na akuwekee mkono kifuani siku mawazo yatakapozidi.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda kama tulivyokuwa wadogo,

Edwina