Koili Iliyokuja na Gunia

Mutheu mjukuu wangu,

Hapa Kyuso tuko salama. Ndengu tumevuna, na babu yako bado anagombana na mbuzi wake. Umeniuliza kama umwamini huyo fundi wa Malili anayesema jenereta ya saluni yako inanguruma bila kutoa stima kwa sababu koili, ule waya uliozungushwa ndani yake, imeungua.

Nikiwa msichana nilikuwa nauza kwa duka Sultan Hamud, na jenereta yetu ikafanya hivyo hivyo. Fundi alikuja na koili nyingine kwa gunia kabla hata hajafungua yetu. Hapo nikaanza kumwangalia vizuri. Aliweka nyaya mbili za mita yake ya kupimia stima kwa koili, mshale haukusonga.

"Imekatika, dada. Tubadilishe."

Lakini nilikuwa nimewahi kumwona akipima redio ya kanisa. Siku hiyo aligusanisha kwanza ncha za hizo nyaya, mshale ukaruka, ndipo akapima. Mbona leo hajafanya hivyo?

"Zigusanishe kwanza," nikamwambia.

Akakunja uso, akazigusanisha. Mshale ukalala pale pale. Kumbe waya wa mita ndio ulikuwa umekatika!

Alipoweka mwingine, koili ilikuwa nzima kabisa. Shida ilikuwa waya uliolegea nyuma ya soketi. Tukacheka wote wawili, na labda kweli hakujua.

Basi huyo wako usimwite mwizi. Mwambie tu agusanishe nyaya mbele yako. Akicheka, cheka naye, lakini uangalie kama amekuja na gunia.

Ni mimi, susu wako.