Taya la Ayeeyo Shamis

Mtaa wa Bulla Iftin,
Garissa.
Alhamisi, 10 Oktoba 2024

Mpendwa kaka Abdirahim,

Asalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Hujambo huko Mwanza? Shemeji na watoto hawajambo? Biashara ya ngozi inakwendaje? Sisi tupo, alhamdulillahi, ingawa nikisema ni wazima nitakuwa nimekudanganya. Mvua bado, na vumbi tunalinywa na chai.

Naandika badala ya kupiga simu kwa sababu nikipiga nitalia kabla sijafika mwisho, na baba yetu, Aabo, haondoki karibu yangu. Barua hii nitaipiga picha nikutumie.

Ni Ikran, kaka. Mdomo wa mwanangu unafungika. Tangu Ramadhani analalamika maumivu mbele ya sikio, ufizi unatoka damu akigusa tu mswaki, na sasa hata kidole kimoja hakipiti vizuri katikati ya meno. Nyama ameisahau. Anakunywa maziwa ya ngamia kwa mrija, na amekonda hadi nguo ndizo zinazomvaa.

Unamkumbuka Ayeeyo Shamis, bibi mzaa mama, na mrija wake? Tulidhani ni uzee. Hakuwa mzee hata kidogo. Na mama yetu alikuwa kibogoyo kabla hajaota mvi.

Nilimpeleka kwa daktari hapa Garissa, nikamweleza hayo yote. Akasema vijidudu vya mdomoni kila mtu anavyo, ila miili haivipokei sawasawa. Kuna tofauti ndogo ndogo tunazorithi, na wengine kinga yao huwaka kupita kiasi, ufizi ukavimba, na kiungo cha taya nacho kikavimba. Si laana, wala si lazima kila mtu wa ukoo augue. Anataka tumpeleke Ikran Nairobi kwa mtaalamu kabla kiungo hakijagandana.

Aabo aliposikia neno kurithi alisimama akatoka. Mzee huyu anakutajia ngamia wake mpaka bibi wa bibi yao. Juzi tu alilikataa dume la jirani Nunow lisipande ngamia wake, kwa kuwa mama wa dume hilo alikuwa na maziwa kidogo. Lakini taya, anasema, halirithiwi. Binti akisikika ana ugonjwa wa ukoo, nani atamwoa?

Kwa hiyo akamleta mtu wa moto kutoka Ijara, naye akamchoma Ikran shavu la kulia kwa kijiti cha moto, kama achomwavyo ngamia mgonjwa. Kidonda kimepona, taya limezidi kukaza. Jumatatu mtu huyo anarudi kuchoma la kushoto. Tangu mume wangu Diriye afariki tunaishi kwa Aabo, na neno lake ndilo la mwisho. Nimemshika miguu, nimelia. Nimechoka, kaka, sina tena pa kushika.

Pesa sikuombi, nauli ninayo. Naomba neno lako tu, maana wewe anakusikiliza kuliko sisi sote.

Taya lako linaalika kila utafunapo tangu utotoni, tulikuwa tukikucheka wakati wa futari. Siku ya posa wakwe walipouliza mbona unatafuna upande mmoja, ukasema ngamia alikupiga teke. Aabo anaamini hivyo hadi leo. Mpigie kesho baada ya sala ya Ijumaa, umwambie hakukuwa na ngamia. Mwambie nawe unalo taya hili, na umeoa, na una watoto. Aibu hii ikibebwa na mwanamume, pengine binti yangu ataachiwa aende Nairobi. Najua shemeji naye atasikia. Nisamehe, njia nyingine sina. Na wewe na wanao mkachunguzwe mapema.

Msalimie shemeji, Kaaha na mdogo wake Shuaib. Safiyo, dada yetu, anakusalimu. Mungu akulinde ulipo na akufungulie kila mlango uliofungwa.

Ikran alijaribu kukurekodia salamu zake kwenye simu. Alirudia mara kadhaa, na kilichotoka hakikuwa neno. Nimekifuta. Sema wewe, Abdirahim.

Dada yako akupendaye,
Hinda