Pleko Wangu Wawili Wenye Ndevu

Jumamosi, Woodbridge

Kweli mimi ni bingwa. Wiki nzima nasoma kuhusu pleko, hawa kambare wadogo wa kufuga kwenye tangi la kioo, nipate aina ya kuanza kuzalisha. Wenye milia wanadeka mno, nikaamua wenye ndevu.

Leo dukani nikachagua wawili wenye ndevu nyingi kushinda wote. Kwetu Tanga kambare jike ana ndevu, dume ana ndevu, ningeuliza nini?

Nyumbani mke wangu akasoma kwenye simu: kwa hawa, mwenye ndevu nyingi ni dume.

“Hongera, Baba Asha. Umeleta baraza la wazee.”

Asha naye: “So no babies, Baba?”

Na msikitini nimeshawaahidi watu vifaranga!

Sasa wanagombania chungu nilichomwekea jike atagie. Jike mwenyewe nilimwacha dukani, eti hana ndevu.