Mlango Mmoja, Sanduku Moja

Leo ni tarehe 19 Aprili, siku ya sitini na tatu tangu nitoke nyumbani Dingxi, na ya ishirini na mbili tangu geti la hapa kwenye ujenzi lifungwe kwa sababu ya ugonjwa.

Dada Wen, kipindi chako cha redio tunakisikiliza sote bandani, kwa hiyo naomba unisaidie kabla ya kesho, mimi ni fundi wa kusuka nondo, shule niliishia darasa la tano, sijui kupamba maneno. Tuko wanaume arobaini na watatu katika mabanda sita, na kamati ya mtaa inagawa mboga kwa namba za milango, kila mlango sanduku moja, sasa sisi namba tunayo moja tu, ya geti, basi mwanamke wa kamati mwenye yale mavazi meupe ya kujikinga na ugonjwa hutupitishia juu ya uzio sanduku lile lile analompa bibi anayeishi na paka wake: kabichi moja, karoti nne, mayai kumi, la siku nne. Nikamwambia, "Dada, nyuma yangu kuna watu arobaini na wawili." Akanijibu, "Fundi, mimi nina orodha ya milango, sina orodha ya migongo." Mzee Jia, mpishi wetu, aliichemsha ile kabichi kwenye sufuria kubwa akatuambia, "Mwenye bahati ataiona ikipita." Tulicheka, lakini juzi yeye mwenyewe alianguka jikoni, kumbe sehemu yake alikuwa akiwapa wengine, na tangu hapo hakuna anayecheka. Nyumbani viazi vimejaa shimoni mpaka vinachipua, na mke wangu akipiga simu namwambia nimeshiba.

Sasa kosa langu ni hili. Msimamizi wetu Shuanlin ni mtu wa kijijini kwetu, mama yake ndiye aliyemzalisha mke wangu, na jana alikuja na karatasi iliyoandikwa kwamba sote tuna chakula cha siku kumi na tano, akaniambia, "Kaka Yongfu, weka dole gumba, wewe wanakuamini, tukilalamika watakuja kutuhesabu, watubebe wote tukalale kwenye uwanja wa michezo waliougeuza karantini, na kazi ife." Nikaweka, wino mwekundu bado uko ukuchani. Kesho asubuhi anaipeleka kwa kamati. Nikisema ni uongo namvua nguo mtu wa nyumbani, nikinyamaza nawauza wenzangu. Nifanyeje? Mke wangu nimemwambia nitarudi viazi vikianza kuchimbwa, mwezi wa tisa.

Yongfu, banda la tatu

*

Yongfu, Dada Wen hapa, pole kwa njaa, na mfikishie Mzee Jia pole yake. Pole zangu zimeishia hapo.

Ungesuka nondo nusu ukaweka dole kwamba zimekamilika? Usingethubutu, maana ghorofa lingewaangukia watu. Karatasi hiyo nayo itawaangukia, na wa kwanza ni mpishi wenu. Mama yake Shuanlin aliupokea uhai mikononi mwake nyumbani kwako. Wema wake haulipwi kwa kumsaidia mwanawe kuwanyima watu chakula.

Nanyi wa kamati, najua mnanisikia. Kila mlango mnaougonga ulifungwa bawaba na mtu wa bandani. Leo mnamwambia hana mlango? Mngeona haya.

Sasa nyanyuka. Mwendee Shuanlin kwanza, uso kwa uso, umwambie dole lako unaliondoa. Akitaka kuja nawe, aje. Chukua chokaa uandike namba kwenye milango yote sita, moja hadi sita. Andika majina arobaini na matatu na namba za vitambulisho, mlango kwa mlango, na kila mtu aweke dole lake mwenyewe. Juu ya orodha andika kwamba karatasi ya jana ni ya uongo na kwamba Mzee Jia ameanguka, anahitaji daktari. Mpe yule mwanamke pale uzioni kabla hajafikiwa na ile nyingine. Mkihamishiwa uwanjani, huko nako watu hula.

Akikwambia tena mlango ni mmoja, usibishane naye. Waite wote wasimame kando ya uzio, hatua mbili mbili kati yao, kila mtu na bakuli lake tupu, wasiseme neno, na wasiondoke mpaka amalize kuyahesabu mabakuli.